Taa za nyuma ya skrini zilivyokula fremu zangu 16

Chumba changu cha Nyegezi, Mwanza, kina dirisha moja, linatazama ziwani. Usiku nikicheza gemu la mbio za magari nazima balbu ya darini kabisa. Nilitaka ukuta wa nyuma ya skrini uwake rangi ileile ya kwenye gemu: machweo yakiingia ukuta uwe wa chungwa, gari likiingia handakini ukuta uzime. Nikanunua utepe wa LED mjini, nikaubandika, nikaweka programu iliyokuja nao. Ukuta ukapendeza, ila gari likaanza kukwamakwama kwenye kona.

Nikawasha kipimo cha fremu, yaani picha ambazo gemu linachora kila sekunde. Bila taa, 60 kwa sekunde, imetulia. Nikiwasha taa, 44. Fremu 16 zimekwenda na utepe wa taa! Iliniuma, maana kompyuta hii niliijenga kwa miezi tisa, kipande kimoja kila mshahara ukitoka.

Nilishuku waifai inayopeleka rangi kwenye taa, nikashuku waya wa USB. Mwisho nikachukua karatasi nikapiga hesabu. Skrini yangu ni ya inchi 24 na utepe una LED 60 kila mita, kwa hiyo pande tatu, kushoto, juu na kulia, zimechukua LED 68. Kila LED inahitaji namba tatu tu: nyekundu, kijani na bluu. Jumla baiti 204. Hata zikitumwa mara 30 kwa sekunde hazifiki baiti 7,000, na waifai yoyote inazibeba bila kuhisi uzito. Sasa tazama upande wa pili. Ili programu ijue itume rangi gani, lazima ipige picha ya skrini. Picha ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni mbili, kila nukta baiti nne, yaani zaidi ya baiti milioni nane. Programu ile ilikuwa inachukua picha nzima mara 60 kwa sekunde na kuitwisha prosesa, karibu megabaiti 500 kila sekunde, ili ipate zile baiti 204. Na kwenye mipangilio yake hapakuwa na mahali pa kupunguza.

Nikaifuta, nikaweka Hyperion, programu nyingine ya kuendesha taa kama hizi, ambayo ni ya bure. Yenyewe inakuruhusu kupunguza ukubwa wa picha kwa kuigawanya. Niligawa kwa nane, ikabaki 240 kwa 135. Kwa taa zinazomulika ukuta tu, picha hiyo inatosha na kubaki. Nikashusha upigaji hadi mara 25 kwa sekunde. Fremu zikapanda hadi 57. Tatu zilizobaki nilizipata kwa kupunguza ubora wa vivuli hatua moja ndani ya gemu, kwa sababu kadi ya grafiki ilikuwa imejaa asilimia 99, na kadi ikijaa hivyo hata kazi ndogo inapanga foleni nyuma ya gemu.

Kuna wanaotumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kibao kimoja, na kifaa cha kunasa picha kutoka kwenye waya wa HDMI unaoenda kwenye skrini, ili kompyuta ya gemu isiguswe kabisa. Ni njia safi, ila ina gharama, na ukitumia kigawanya HDMI (kinachopeleka picha moja sehemu mbili) cha bei rahisi unaweza kukosa kasi yote ya skrini yako. Kwangu haikuhitajika.

Kuziendesha LED nilikabidhi ESP32, kibao kidogo chenye waifai, kikiwa na WLED, programu ya bure ya kuongoza taa. Umeme ndio ulionisumbua. LED moja ya aina ya WS2812B, kama zangu, ikiwaka nyeupe kamili inakula hadi miliampea 60, kwa hiyo 68 zinafika ampea nne. Usizitegemeze kwenye USB ya kompyuta. Nilitafuta pawa saplai ya volti 5, ampea 6, nikaunganisha, na taa zikaanza kumetameta ovyo: moja kijani, tatu zambarau, kisha giza. Nikabeba kila kitu kwenye mfuko hadi kwa fundi redio wa Buzuruga, mzee mmoja mtaratibu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Lete nione."

Hakuwasha hata kipimo. Alifuata waya kwa ukucha wa kidole gumba, kutoka kwenye utepe hadi kwenye kibao cha ESP32, akasimama. "Hasi ya huku na hasi ya kule hazijakutana. Sasa huyu atajuaje mwenzake anasema nini?" Akalehemu waya mmoja mweusi, mfupi kama njiti ya kiberiti. Taa zikatulia palepale.

Marekebisho ya mwisho yaliletwa na ziwa. Wale wadudu wadogo wanaopanda juu ya maji kama moshi wakiona mwanga usiku wanaingia kwa maelfu, na ukuta wangu ulikuwa unawaita. Nikaiwekea WLED kikomo cha ampea mbili, nikapunguza mwanga hadi robo, nikashona wavu mpya dirishani. Nikapunguza pia ulainishaji wa rangi, yaani muda ambao taa inabadilika polepole kutoka rangi moja kwenda nyingine, hadi milisekunde 80, maana mwanzoni radi ya gemu ilikuwa inapiga ukutani imeshapita kwenye skrini.

Jumamosi mtoto wa kaka yangu alikuja kulala kwangu. Kipimo kilikuwa 60, magari yakiingia machweo, ukuta wa chungwa. Ilipofika saa tano nikamwambia, "Baba, zima sasa tulale." Akajibu bila kugeuka, "Shangazi, ngoja kwanza nitoke kwenye handaki."