Mraba wa Tatu

Gari letu, kama magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam kutoka Japani, linaongea. Kila ninapoliwasha, sauti ya mwanamke hutoka kwenye dashibodi na kutangaza kwa adabu kubwa kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa, kadi ambayo huku kwetu haina kazi yoyote. Mwanangu ameisikia sauti hiyo tangu akiwa mchanga na hakuwahi kuijali, lakini Jumamosi iliyopita, tulipokuwa tukiondoka mbele ya duka la dawa, aliniuliza, "Mama, huyu anasema nini?" Sauti ilikuwa katikati ya sentensi, nami nikamjibu bila kufikiri, "Subiri amalize." Alinitazama kwa mshangao, kwa kuwa anajua kwamba Kijapani ninakielewa. Lakini katika Kijapani kitenzi hukaa mwisho kabisa wa sentensi, na ukanushi hukaa mwisho wa kitenzi, kwa hiyo msikilizaji huipata habari yote ya kadi kabla hajajua kama imeingizwa au haijaingizwa. "Subiri amalize" yalikuwa maneno ya mwalimu wetu wa uandishi kule Minoh, Japani, nilikosoma, na tangu Jumamosi hiyo sijaacha kuifikiria insha niliyoiandika darasani mwake asubuhi moja ya Juni mwaka 2012.

Minoh iko kaskazini mwa jiji la Osaka, na kampasi yetu ilikuwa juu ya kilima, mahali palipokuwa Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Osaka, kilichoanzishwa mwaka 1921 na kuunganishwa na Chuo Kikuu cha Osaka mwaka 2007. Sisi tuliopata ufadhili wa serikali ya Japani kwa masomo ya shahada ya kwanza tulitakiwa kusoma kwanza lugha kwa mwaka mzima, ndipo tutawanyike kwenye vyuo vya fani zetu. Tulifundishwa Kijapani kwa Kijapani, asubuhi hadi alasiri, tangu wiki ya kwanza ya Aprili. Kwanza zilikuja herufi za hiragana, 46 za msingi, kisha katakana nyingine 46 za kuandikia majina na maneno ya kigeni, kisha kanji, zile herufi zenye asili ya China, ambazo orodha ya serikali ya mwaka 2010 inazitaja kuwa 2136 kwa matumizi ya kawaida. Kufikia Juni tulikuwa tumezigusa chache tu kati ya hizo. Wenzangu walitoka Mongolia, Vietnam, Indonesia na Brazili, na lugha pekee iliyotuunganisha wote ilikuwa hicho Kijapani chetu cha miezi mitatu, ambacho ndani yake kila mmoja wetu alikuwa mtu mwenye adabu nyingi na maneno machache.

Ujumbe wa kaka yangu ulinifikia nikiwa nateremka ngazi za bweni. Ilikuwa yapata saa mbili asubuhi. Tanga iko nyuma ya Japani kwa saa sita, kwa hiyo kwao ilikuwa saa nane usiku. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, aliandika, bibi katutoka, tunazika baada ya alasiri. Alasiri ya Tanga ingenikuta mimi saa nne usiku, na hapakuwa na ndege yoyote duniani ambayo ingenifikisha. Nikafungua mwavuli nikaenda darasani. Watu wameniuliza kwa nini nilikwenda, na jibu langu ni kwamba sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Kwetu msiba una kazi zake: kuna mchele wa kuchambua, kuna mikeka ya kutandika, kuna wageni wa kupokea. Chumbani mwangu kulikuwa na kitanda na meza, na hakuna mgeni ambaye angebisha hodi.

Somo la kwanza siku hiyo lilikuwa uandishi, na mada iliyoandikwa ubaoni ilikuwa "Familia yangu". Mwalimu wetu, tuliyemwita Sensei, aligawa karatasi za insha, zile ambazo kila mtoto wa Japani anazijua, zenye miraba 400, safu 20 za miraba 20 kila moja. Maandishi hushuka kutoka juu kwenda chini, na safu ya kwanza ni ile ya kulia. Kila herufi ina mraba wake. Nukta nayo hupewa mraba wake, na ikitokea kwamba nukta ingeangukia kichwani mwa safu mpya, hubanwa pamoja na herufi ya mwisho katika mraba wa chini wa safu iliyotangulia, kwa sababu safu hairuhusiwi kuanza na nukta. Kila aya huanza kwa kuacha mraba mmoja mtupu. Baadhi ya wenzangu waliziona sheria hizi kuwa kero. Mimi nilizipenda tangu siku ya kwanza na ninazipenda hadi leo, kwa kuwa zinamlazimisha mwandishi aijali kila herufi kwa zamu yake, na asubuhi ile nilihitaji sana kitu cha kuijaza mikono yangu.

Baba, mama na kaka niliwaandika upesi. Baba yangu ni fundi seremala. Mama yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Kaka yangu anapenda mpira. Kisha nikaacha mraba mtupu, nikaanza aya ya bibi.

Kijapani kiliniruhusu kwenda mbali bila kusema lolote juu ya uhai wake. Niliandika bibi, kwa kanji mbili ambazo ya pili yake ni ile ya mama, tuliyokuwa tumeifanyia mazoezi wiki iliyotangulia. Nikaandika kiambata cha mada, kile kinachoonyesha ni nani anayezungumziwa. Nikaandika Tanga kwa katakana, miraba mitatu, ta, n, ga, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nilihisi koo likinikaba, kwa kuliona jina la mji wetu limesimama wima katika mwandiko wa watu wengine. Nikaongeza mji, na kiambata cha mahali. Kilichobaki kilikuwa kitenzi. Kwa namna ya adabu tuliyofundishwa, yupo na alikuwapo huanza kwa herufi zilezile mbili, i na ma, nami nikaziandika zote mbili, moja chini ya nyingine, kwa sababu zilikuwa kweli kwa vyovyote vile. Ni mraba wa tatu unaoamua. Ukiandika su, bibi yupo, na sentensi imekwisha. Ukiandika shi, inakubidi uongeze ta katika mraba wa nne, na bibi amekuwa mtu wa jana.

Nilisimama hapo. Nje mvua ilikuwa ikinyesha ile mvua ya Juni isiyo na haraka, ambayo Wajapani wameipa majira yake na jina lake, tsuyu. Ndani nilisikia penseli tu, na kifutio cha jirani yangu Mmongolia kikisugua. Ninaikumbuka ncha ya penseli yangu ikiwa juu ya ule mraba, karibu kabisa na karatasi lakini haijaigusa, na kivuli chake chembamba ndani ya mistari. Shi ni herufi rahisi kuliko karibu zote, mstari mmoja unaoshuka na kupinda kuelekea kulia, mtoto huiweza siku ya kwanza. Su ina mistari miwili, na ule wa pili unatakiwa kushuka, kufanya kitanzi kidogo katikati, kisha kukimbilia kushoto, na kitanzi changu kilikuwa hakijawahi kumridhisha Sensei. Nilikuwa ninajua sarufi. Nilikuwa ninajua pia kwamba wakati huo, mahali fulani gizani Ngamiani, kwetu Tanga, watu walikuwa wakimsubiri muoshaji.

Sensei alikuwa akizunguka kati ya meza. Alipofika kwangu alisimama, akaona sentensi isiyo na mwisho, na nadhani alifikiri kwamba kitenzi kimenitoka akilini, jambo lililokuwa likitupata sote. Aligusa ule mraba mtupu kwa ncha ya kidole chake na kuniambia kwa upole, "Hadi mwisho." Kisha akapita.

Nikaandika su. Kitanzi kilitoka vizuri. Nikaweka nukta katika mraba wake.

Baada ya hapo mkono haukusita tena. Bibi yangu anaamka kabla ya adhana. Bibi yangu anakaanga vitumbua. Majirani wa Barabara ya Kumi na Mbili wanakuja na mabakuli. Bibi anakunywa chai baada ya wateja kwisha. Kila sentensi ilimalizikia palepale, kwenye su, nami niliijaza karatasi mpaka safu ya mwisho ya kushoto, kwa maneno ya mtoto wa darasa la pili, kwa kuwa sikuwa na mengine. Kwa Kiswahili nisingeweza kuandika hata mstari mmoja siku ile. Kwa Kiswahili ningeanza na marehemu, na baada ya marehemu nisingejua pa kuendelea.

Mtu mmoja tu ndiye aliyejua. Pale Minoh Kiswahili ni miongoni mwa lugha ambazo wanafunzi wa Kijapani huzisomea shahada, na msichana mmoja wa mwaka wa pili alikuwa akija bwenini kwetu jioni ili azungumze nami. Alikuja siku hiyo kama kawaida yake na kuniuliza, "Habari za nyumbani?" Nilishindwa kumjibu kwamba ni nzuri. Aliweka begi lake chini, akasema, "Pole sana kwa msiba, dada," akakaa. Hakusema tena neno. Alikaa mpaka saa nne usiku ikapita, akiwa na mikono magotini, kama wanavyokaa mama zetu ukumbini, na ndipo nilipolia. Sijui nani alimfundisha kukaa vile. Hilo halimo katika kitabu chochote cha lugha nilichowahi kukiona.

Insha ilirudi wiki iliyofuata. Sensei alikuwa amesahihisha kiambata kimoja na mstari mmoja wa kanji uliovuka mpaka, na juu ya ukurasa alikuwa amechora kwa wino mwekundu ule mduara wenye petali ambao walimu wa Japani huwapa watoto wa shule za msingi waliofanya vizuri sana. Chini yake aliandika kwa hiragana, ili nisome bila taabu, kwamba anatamani siku moja akutane na bibi yangu. Niliikunja karatasi nikaitia kwenye begi. Sikumwambia, siku ile wala baadaye, na kila aliponiuliza hali ya bibi nilimwambia kwamba bibi anaendelea vyema.

Februari, tulipokaribia kumaliza, darasa lilichapisha kijitabu cha insha zetu, kama ilivyo desturi ya shule za kule. Sensei aliichagua ile ya Juni na kunirudishia nakala niipitie, kwa kuwa sasa nilijua mengi zaidi na huenda ningependa kubadilisha jambo. Nilikuwa na kila nyenzo ya kueleza ukweli wote: vitenzi vya heshima kwa ajili ya wafu, tarehe, maradhi, mazishi. Niliongeza kanji mahali nilipokuwa nimeandika hiragana, nikarekebisha alama mbili, nikamrudishia. Kijitabu kikatoka hivyo, nami nikaelekea Fukuoka kusomea uhandisi.

Mwaka nilioruhusiwa kurudi likizo nilikichukua kijitabu mpaka Tanga na kuwasomea insha nyumbani, nikiigeuza kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye sentensi ile, "Bibi yangu yupo Tanga", nilisita, lakini mama aliitikia kwa kichwa akasema, "Ndiyo. Yupo. Ameenda wapi?" Kaka yangu, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, hakukubali. Alisema yeye ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea, kwamba mzigo ule aliubeba kwa mikono yake, na kwamba mtu aliyezikwa na jamaa zake husemwa kuwa amezikwa, hata ikiwa anasemwa kwa lugha ambayo hakuna jamaa anayeisoma. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu yeye alikuwapo na mimi sikuwapo. Tukikutana wakati wa Idi bado tunalizungumza, mama akishikilia lake na kaka akishikilia lake, na kila mmoja wao anapotaka nimuunge mkono, mimi huwaona wote wawili wana haki.