Beetle yangu, 20 mbele na 30 nyuma: nilivyopata upepo sahihi

Kila fundi pancha niliyempelekea Volkswagen Beetle yangu alianza na namba ileile: 35 matairi yote manne. Wachache walishuka hadi 32 kwa sababu "gari lenyewe dogo". Hakuna aliyeuliza injini iko wapi. Naandika kwa sababu ushauri huo unaharibu magari mazuri na unaweza kukutoa barabarani, na kwa sababu sasa gari langu, 1300 ya mwaka 1970, linakwenda limenyooka, haliruki kwenye rasta, na matairi yanalika sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Najivunia hilo bila aibu.

Anza na kitabu cha gari. Beetle ya miaka ile ilitoka kiwandani na tairi za 5.60-15, zile za zamani ambazo nyuzi zake zinakatizana mshazari. Kwa tairi hizo kitabu kinasema psi (kipimo cha upepo, kilekile cha zile 35 za mafundi) 16 mbele na 24 nyuma ukiwa na watu wawili, 17 na 26 gari likijaa. Kwa radiali za 155 (tairi za kisasa, nyuzi zake hazikatizani mshazari) kinasema 18 na 27. Mtu aliyezoea Corolla akisoma 16 anadhani ni kosa la uchapaji, kisha anajaza anavyojua yeye. Angalia vizuri lakini: 16 kwa 24, 18 kwa 27. Zote ni mbili kwa tatu. Gari tupu lina kilo mia nane na kitu, na karibu asilimia 60 ya uzito huo imekaa nyuma kwa sababu injini inaning'inia nyuma ya ekseli. Arobaini kwa sitini ni mbili kwa tatu tena. Kwa hiyo ukibadilisha aina ya tairi, namba inaweza kupanda kidogo, ila uwiano huo usiuguse.

Kuna sababu nzito zaidi ya uzito wenyewe. Tairi lenye upepo mdogo hujipinda zaidi kwenye kona. Mbele ikiwa laini kuliko nyuma, pua ndiyo inayoanza kusogea nje, unaisikia kwenye usukani, unaongeza kidogo, gari linatii. Jaza mbele sawa na nyuma, mbele itang'ata na nyuma ndiyo itakayoanza kukimbia. Kwa Beetle hilo ni baya mara mbili, maana ekseli za nyuma kwenye gari kama langu zina jointi upande wa gia boksi tu. Mgongo wa gari ukiinuka, magurudumu ya nyuma yanaingiza miguu chini ya gari, yanabaki yamesimama kwa ukingo. Ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, hapo ndipo gari linapojipindua. Watu wanasema Beetle ni hatari kwenye kona. Gari hilohilo lilishinda East African Safari mwaka 1962, kwenye matope na mawe. Kabla hujalilaumu, pima upepo.

Nililijaribu shauri la "zote sawa" kwa makusudi ili nijue ninachokipinga: 28 kila tairi, kipande cha lami ninachokijua, bila abiria, spidi ya wastani. Kwenye rasta mbele ilidunda badala ya kumeza, usukani ukatetemeka hadi viwiko. Lori likipishana nawe, upepo wake unalisukuma gari nusu hatua na huna cha kushikilia, kwa kuwa tairi la mbele linagusa lami kwa utepe mwembamba wa katikati tu. Breki nazo zilibadilika: gurudumu la mbele linajifunga mapema kwenye changarawe kidogo tu. Nilishusha mbele hadi 20 baada ya matairi kupoa, nikaongeza nyuma hadi 30, nikapita njia ileile. Shokapu zilezile, stelingi ileile, gari jingine kabisa.

Namba nyingine inayopotosha ni ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. "MAX PRESS 44 PSI" si agizo la kujaza 44. Ni kikomo cha tairi, na tairi halijui limefungwa kwenye gari gani. Tairi zangu ni 165/80R15 zenye namba ya mzigo 87, maana yake kila moja inaweza kubeba kilo 545. Tairi la mbele la Beetle likiwa na dereva na abiria mmoja halifiki hata nusu ya hapo. Ndiyo maana upepo mdogo unatosha, na haulipashi tairi moto kama watu wanavyoogopa.

Sasa geji. Geji ya fundi pancha imetengenezwa kwa malori, inafika 170 au 220, na mistari yake ina nafasi ya kumi kumi. Kusoma 20 kwenye chombo hicho ni kubahatisha. Kosa la psi 3 kwenye tairi la 35 halitakuumiza sana. Kwenye 18 ni sehemu ya sita ya upepo wote. Nunua geji ya saa inayoishia 60, elfu ishirini na kitu, labda thelathini kwa nzuri, kisha ilinganishe na nyingine mbili tatu. Hata ikidanganya, mradi inadanganya kwa kiasi kilekile kila siku, utaweza kufanya nayo kazi.

Upepo unapimwa tairi likiwa limepoa, asubuhi kabla ya kuondoka. Shida ni kwamba kompresa iko sheli na ukifika tairi limeshapata joto. Mimi sipimi sheli kabisa. Kijana wa sheli ananiambia "Mzee, tairi la mbele limeisha upepo", nashukuru, naomba waongeze kupita namba yangu kwa psi tano hivi, narudi nyumbani taratibu. Asubuhi natoa mpaka 20 na 30 kwa geji yangu mwenyewe. Kutoa kwa kucha kwenye pini ya valvu kunakwenda psi moja moja, huwezi kupitiliza. Na usilitazame tairi kwa macho: radiali iliyojaa sawasawa huvimba kidogo chini, ndivyo ilivyotengenezwa. Huyo kijana wa sheli anaona uvimbe tu.

Nilifikaje 20 na 30 wakati kitabu kinasema 18 na 27? Kwa chaki. Hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote na halina gharama. Chukua chaki ya kawaida ya shule, tafuta lami kavu, tambarare, isiyo na magari. Chora mstari mnene, upana wa vidole viwili, ukivuka uso wote wa tairi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kila tairi lake. Endesha moja kwa moja mita hamsini au mia, bila kukata kona hata kidogo, kwa sababu kona moja inafuta ukingo wa nje na kukudanganya. Shuka, inama, tazama. Chaki ikifutika katikati na kubaki pembeni, upepo umezidi. Ikifutika pembeni na kubaki katikati, umepungua. Ikififia pande zote kwa pamoja, umefika.

Kwa 28 mbele, chaki yangu ilifutika sehemu ya katikati pana kama kiganja chembamba, na kashata (meno ya tairi) za pembeni zilibaki nyeupe pee kama hazijagusa ardhi. Kwa 22 pembeni zilianza kupauka. Kwa 20 mstari wote ulififia, katikati ikitangulia kidogo sana. Kwa 18 ilikuwa sawa kabisa. Basi kwa nini sikubaki 18? Kwa sababu rimu za Beetle ni nyembamba, na tairi la 165 juu yake linavutwa ndani kwenye mabega, uso unakuwa wa mviringo kidogo. Chaki ikisema sawa kabisa kwenye rimu nyembamba, jua mabega yameshaanza kubeba kuliko inavyofaa. Hapo unahitaji shahidi wa pili.

Shahidi huyo ni joto. Pima tairi likiwa baridi, andika. Endesha nusu saa au zaidi kwa mwendo wako wa kawaida wa safari, simama kivulini, pima papo hapo. Upepo ukipanda psi tatu au nne, namba yako ya baridi inafaa. Ukipanda sita, tairi linajipinda mno na kujichemsha, ongeza. Ukipanda moja tu, umejaza kupita kiasi. Kwa 18 mbele zangu zilipanda zaidi ya nne nikiwa na mzigo kwenye buti la mbele, na kwa 20 zikatulia. Nyuma ilikubali 30. Yule anayekuambia punguza kwa sababu "upepo umepanda njiani" anakuharibia hesabu. Tairi la moto halitolewi upepo, kwani likipoa litakuwa limepungua.

Wanaosafiri kati ya pwani na nyanda za juu huuliza kama wabadilishe. Joto linabadilisha takriban psi moja kwa kila nyuzi 5 au 6 za sentigredi, kidogo zaidi ya nusu ya hapo kwa namba ndogo kama 20. Kwa upande wa pili, geji inapima tofauti ya upepo wa ndani na wa nje, na huko juu upepo wa nje ni mwepesi. Ukijaza 20 Dar es Salaam na kulala Njombe, karibu mita 1,900 juu ya bahari, mwinuko unaongeza psi 3 hivi kwenye geji, na ubaridi wa alfajiri unaondoa 2 au zaidi. Zinakaribia kufutana. Acha kama ilivyo.

Barabara ya vumbi nashuka hadi 18 na 27, basi. Kushuka zaidi siruhusu, hasa ukitumia tyubu, na rimu za zamani zisizo na nundu ya kushikilia ukingo wa tairi lazima zitumie tyubu. Tairi lenye upepo mdogo mno huteleza polepole juu ya rimu kila unapofunga breki, na linaondoka na tyubu yake. Tazama valvu: ikiwa imeinama kwenye tundu lake badala ya kusimama wima, tyubu inavutwa na itakatika shingoni, mara nyingi mbali na fundi. Toa upepo wote, rudisha tairi mahali pake, jaza upya.

Usichanganye aina za tairi. Ikibidi kabisa, radiali zikae nyuma na za nyuzi mshazari mbele, kamwe kinyume chake. Na soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, tairi lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, hata kama kashata zote zipo. Mpira ulioshakuwa mgumu na wenye nyufa hakuna upepo utakaousaidia.

Mwenye Corolla au Mark II ya zamani kutoka Japani ana kazi nyepesi. Fungua mlango wa dereva, kuna stika ya Kijapani kwenye nguzo. Huhitaji kujua Kijapani: tafuta kPa au kgf/cm². 200 kPa ni psi 29, 220 ni 32, na 2.0 kgf/cm² ni kama 28 na nusu. Kagua kwamba saizi ya tairi iliyoandikwa pale ndiyo uliyofunga, halafu fanya jaribio la chaki na la joto kama hapo juu.

Limebaki la spea, ambalo kwenye Beetle ya umri huu lina kazi ya pili. Maji ya kuoshea kioo cha mbele yanasukumwa na upepo wa spea kupitia mpira mwembamba uliofungwa kwenye valvu yake. Kwa hiyo spea linajazwa juu, karibu 40, na linapungua kila unapoosha kioo. Mtu asiyejua analifunga lilivyo na kuendelea na safari, 40 mbele upande mmoja na 20 upande wa pili, gari linavuta na breki zinapinda. Geji ikae kwenye buti pamoja na jeki. Ukilifunga mbele, toa mpaka 20. Ukilifunga nyuma, mpaka 30. Na likiwa limeshuka chini ya 30 kwa kuosha kioo na umelifunga nyuma, liongeze hadi 30 ukifika penye kompresa.