Kazi imekwisha, kimebaki nini?

Jioni hizi najifunza kuandika programu kwa lugha ya Python, na naona masomo ya wanaoanza yanapita mbio palepale ambapo mtu angetaka kukaa. Unaambiwa prosija ni kundi la maagizo lililopewa jina, fanksheni ni kundi la maagizo linalorudisha thamani, haya, mada inayofuata. Mimi nimegota kwenye hilo neno "linalorudisha", na sijutii.

Leo nimeandika fanksheni mbili za kutafuta wastani wa alama, makusudi, nizione zikiwa bega kwa bega. Ya kwanza inakokotoa wastani na kuuchapa kwenye skrini kwa print. Ya pili inakokotoa vilevile, ila inamalizia kwa return, yaani jibu linakabidhiwa kwa aliyeiita. Ukiziita moja moja kwenye dirisha la majaribio la Python, zote zinakuonyesha namba ileile, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Tofauti inajitokeza ukitaka kujumlisha majibu ya makundi mawili. Ya pili inajumlisha bila neno. Ya kwanza inachapa namba zote mbili, safi kabisa, halafu Python inagoma: haijui kujumlisha None na None. None ndicho unachopewa na Python pale fanksheni inapofika mwisho bila kurudisha kitu. Ni sawa na kumtuma mtu akakuulizie jambo, naye akalitangaza huko huko aliko kisha akarudi kwako kimya. Wote wamesikia, isipokuwa wewe uliyemtuma.

Kwa hiyo sasa nina swali moja ninaloliuliza kila kipande ninachoandika: kazi ikishakwisha, kimebaki nini? Fanksheni ya kweli inaacha thamani, ambayo naweza kuihifadhi kwenye kigeu (jina linaloshika thamani), kuilinganisha, au kuikabidhi fanksheni nyingine. Prosija inaacha badiliko: maneno kwenye skrini, faili lililoandikwa, orodha iliyopangwa upya. Python yenyewe ina mfano mzuri wa hili. Ukiandika sorted(alama) unapewa orodha mpya iliyopangwa, na ile ya zamani haikuguswa. Ukiandika alama.sort() orodha yenyewe inapangwa papo hapo, na unachorudishiwa ni None. Nadhani waliofanya hivyo walitaka usisahau kwamba umebadilisha kitu.

Pascal, lugha aliyoitoa Niklaus Wirth mwaka 1970, ilizitenga hizi mbili waziwazi: unatangaza procedure au unatangaza function, na ukishatangaza msomaji anajua atarajie nini. Python inatangaza zote kwa neno moja, def. Inarahisisha kuandika, lakini kwa anayejifunza naona Pascal ilikuwa mwalimu mwungwana zaidi.

Nikipekua historia nimekuta jambo lililonifurahisha. Kwenye kompyuta ya EDSAC, iliyoanza kazi Cambridge mwaka 1949, vipande vya programu vya kutumiwa tena viliwekwa kwenye kanda za karatasi zilizotobolewa. Ukihitaji kimoja, unachukua kanda yake na kuinakili kwenye kanda ya programu yako. Maktaba ya kushikwa kwa mkono!

Klasi, yaani violezo vinavyofunga data pamoja na fanksheni zake, nilizikwepa kwa muda, kwa sababu mifano yake huwa ni mbwa anayebweka na paka anayelia, na mimi sina programu inayohitaji mbwa. Zimeingia akilini nilipoanza kuandika programu ya kufuatilia vitabu ninavyoazimisha watu. Nilikuwa na fanksheni ya kuazimisha, nyingine ya kupokea, nyingine ya kueleza kitabu kiko kwa nani. Zote tatu zilidai kitu kilekile kwanza, yaani kile kitabu chenyewe. Ukiona fanksheni zinapokezana data moja namna hiyo, klasi imeshajichora, kilichobaki ni kuiandika. Na ile self inayowatisha wengi, jina ambalo fanksheni za klasi hulitumia kukitaja kitu chenyewe, haina uchawi wowote: kuandika kitabu.azimisha(jina) ni sawasawa na kuandika Kitabu.azimisha(kitabu, jina). Ni fanksheni ileile ya jana. Tofauti ni kwamba kitabu kimesogea mbele ya nukta.

Swali langu linafanya kazi hapa pia, tena vizuri. Vigeu vilivyozaliwa ndani ya fanksheni hupotea fanksheni ikimaliza. Obijekti, yaani kitu kilichoundwa kutokana na klasi, haipotei: kitabu kikishaazimishwa, kinakumbuka kiko kwa nani mpaka nitakapokiuliza tena. Nimeelewa pia kwa nini wazo hili lilianzia kwa Wanorwe wawili, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, katika lugha ya Simula 67. Wao walikuwa wakiiga mifumo halisi ndani ya kompyuta, na katika kuiga lazima kila kitu kibebe hali yake kadiri muda unavyokwenda.

Kumbukumbu hiyo ina bei yake. Fanksheni ya wastani nikiipa alama zilezile itanipa jibu lilelile leo na kesho. Kitabu nikikiuliza kiko kwa nani, jibu linategemea yaliyokwisha kutokea, kwa hiyo kukikagua ni lazima nijue historia yake. Ndiyo maana sijageuza kila kitu kuwa klasi, ingawa kishawishi kipo. Wastani umebaki fanksheni ya kawaida. Kitabu kimekuwa klasi. Kuchapa ripoti ni prosija tu, inachapa na kuondoka.

Sura inayofuata ni ya urithi wa klasi, nayo imefunguliwa na mbwa tena. Nimeiruka. Kesho naongeza tarehe ya kurudisha kwenye klasi ya Kitabu, na fanksheni itakayorudisha orodha ya waliochelewa.