Siku Chombo Chetu Kilipokaa Mchangani

Machi 2016, kaskazi ikiwa imeanza kulegea, mimi na mume wangu tuliishi ndani ya chombo cha tanga cha futi 31, tukiwa tumetia nanga katika hori ya Kilifi kungojea kusi itupeleke Lamu. Asubuhi moja, alipokuwa akifuta ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, aliikwaruza kwa kisu vali ya tundu linaloingiza maji ya kupozea injini, akaona rangi ya waridi mahali palipopaswa kung'aa manjano. Vali hiyo ilikuwa ya brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, na maji ya chumvi huila zinki polepole na kuacha shaba yenye vitundu inayomeguka kama biskuti. Bronzi, ambayo ni shaba na bati, hustahimili zaidi. Nilikasirika sana, kwa kuwa aliyeifunga vali ile kabla yetu aliokoa fedha kidogo na kuhatarisha nyumba nzima: tundu lile lilikuwa chini ya usawa wa maji, hatua mbili kutoka kitandani petu.

Chombo chetu kina mikuku miwili, yaani mbavu mbili nene zinazochomoza chini yake, hivyo kinaweza kusimama wima mchangani maji yakipwa, na vali ikabadilishwa pakavu. Katika pwani ya Kenya, maji ya bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Tulichagua siku ambayo bamvua lilikuwa bado linakua, ili maji ya jioni yapande juu kuliko yale ya alfajiri, maana kinyume chake ni kukwama huko hadi bamvua linalofuata. Tulisogea ufukweni gizani, kizibo cha mbao kikiwa kimefungwa kando ya vali, na kulipopambazuka tulikuwa tumekaa.

Nyumba iliyozoea kutikisika ilitulia kabisa, na utulivu huo ulinitia kizunguzungu. Choo hakikuweza kutumika, kwa kuwa huvuta maji ya bahari. Nilipika chai, nikashuka kwa ngazi ya kamba kukwangua mwani, huku mzee mmoja fundi wa majahazi akimsaidia mume wangu. Vali ya zamani ilikatika mkononi mwa mzee kabla hajaikaza spana.

"Wallahi, wanangu, mlikuwa mkilala juu ya hii?" aliuliza, kisha akanionyesha mimi kwanza, nami namshukuru kwa hilo hadi leo, kwa maana mafundi wengi huzungumza na mume peke yake.

Vali ya bronzi ilipakwa gundi ambayo huendelea kukauka hata ndani ya maji. Mzee alimkataza mume wangu kuikaza mno: "Taratibu, mwanangu, usiikamue gundi yote ikatoka." Ilipofika saa saba maji yalikuwa yamerudi kwenye mikuku. Nilipiga magoti juu ya ngama nikiwa na tochi na kitambaa kikavu, nikaipangusa vali tena na tena hadi chombo kilipoelea, kitambaa hakikulowa.

Injini iliwaka, tukarudi kwenye kina. Vali mbili za choo nazo zilikuwa za brasi, kwa hiyo jioni ileile tuliagiza za bronzi kutoka Mombasa na kupanga kukipandisha chombo tena katika bamvua la mwezi mwandamo.