Ua la kwanza la prairi: nililitambua kwa kulitazama ubavuni

Aprili huku Minnesota, Marekani, nyasi za prairi, yaani mbuga za nyasi za Amerika Kaskazini, bado zimelala, kavu, rangi ya kahawia, na theluji imejibanza kwenye miteremko isiyopata jua. Katikati ya ukavu huo huchomoza ua dogo la zambarau, nami nilitaka kulijua kwa jina, si kwa kukisia. Mimi ni mtu wa Makete, nimekulia jirani na Kitulo, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambako maua hungoja mvua na hutoka pamoja na nyasi. Ua linaloamka kabla nyasi hazijatoa hata jani moja la kijani lilinishughulisha.

Nilianza na simu, kama kila mtu. Picha aliyonitumia wifi yangu ilipigwa kwa juu: vipande sita vya zambarau, katikati njano. Programu ya kutambua mimea ikatoa majina matatu ya maua: krokasi ya bustani, hepatika na anemoni. Sikuilaumu. Ukiyatazama kwa juu, yote matatu yanaweza kuonekana hivyo. Na rangi ni alama dhaifu mno: ua hilihili, kwenye kilima kimoja, laweza kuwa zambarau iliyokolea au karibu jeupe.

Tulikwenda River Terrace Prairie, karibu na Cannon Falls, kusini ya St. Paul. Ni hifadhi ya prairi kavu ya changarawe juu ya mto Cannon. Nilichagua siku ya jua kwa makusudi, maana ua hili hujifunga usiku na siku za mawingu, na likijifunga huoni kilichomo ndani.

“Wifi, utaniua na baridi kwa sababu ya kiua,” alilalamika.

“Piga magoti tu, wifi yangu. Ukisimama huoni kitu.”

Tulianza na stameni, vile vijiti vya ndani ya ua vinavyobeba chavua. Krokasi ina stameni tatu tu. Hapa palikuwa na kichaka cha stameni za njano, zaidi ya mia, hazihesabiki kwa subira ya kawaida. Krokasi ikaondoka kwenye orodha hapohapo. Tena krokasi hutoa majani membamba yenye mstari mweupe katikati, na hili halikuwa na jani lolote lililo wazi chini yake.

Kisha nikaliangalia ubavuni, na hapo ndipo jambo lilipokaa sawa. Kikonyo chote kimefunikwa vinyweleo virefu vyeupe, laini kama manyoya ya kifaranga. Chini kidogo ya ua kuna kola: vijani vitatu vilivyoungana kwenye shina lake, kila kimoja kimechanwachanwa kuwa nyuzi nyembamba, navyo pia vina manyoya. Ua likiwa chipukizi, kola hiyo hulifunika. Kikonyo kinaporefuka, kola hubaki chini. Kola hiyo haionekani kabisa kwenye picha ya juu.

Hepatika nayo ina vijani vitatu chini ya ua, lakini ni vizima, havikuchanwa, na mmea wenyewe hupenda kivuli cha msitu, si kilima kikavu kinachochomwa na jua. Ikabaki anemoni, na anemoni ziko nyingi. Ile ya Carolina, ambayo pia huota kwenye mbuga kavu, huwa na vipande vyembamba vingi, mara nyingi kumi na kuendelea, na haina koti hili zito la manyoya. Letu lilikuwa na sita, vipana. Kwa kweli hivyo si petali. Ni sepali, vile vijani vya nje ambavyo kwa kawaida hufunika chipukizi la ua, zilizochukua kazi ya petali, jambo la kawaida katika ukoo huu.

Jibu basi: Anemone patens, ambalo vitabu vingine huliweka kwenye jenasi (kundi la mimea ya karibu) ya Pulsatilla. Watu wa hapa huliita ua la Pasaka. South Dakota walilifanya ua la jimbo lao mwaka 1903, na Manitoba, Kanada, wakafuata mwaka 1906. Huko Manitoba wanaliita krokasi ya prairi, ingawa si krokasi hata chembe, kwa hiyo ukitafuta kwa jina la mtaani utazunguka sana.

Wifi alitaka kuchuma moja akaweke mezani. Nilimzuia: kuchuma mimea kwenye hifadhi za aina hiyo ni marufuku, na utomvu wake huwasha ngozi.

Nilirudi mwishoni mwa Mei kuhakikisha. Kikonyo kilikuwa kimerefuka sana, majani ya chini yaliyokatikakatika yametoka, na mahali pa ua pamekuwa na shada la mbegu zenye mikia ya manyoya. Mkia huo hujisokota na kujisokotoa kadiri unyevu unavyobadilika, na kuisukuma mbegu udongoni. Kama unapanga kurudi hivyo, weka alama ya mahali kwenye ramani ya simu ukiwa bado unaliona ua, kwa sababu kufikia Juni nyasi zinameza kila kitu.

Wiki iliyopita wifi amenitumia picha nyingine, ua dogo la manjano linalong'aa, ameliona kilima kilekile. Limepigwa kwa juu. Nimemwambia arudi akapige ubavuni, na majani ya chini pia.