Sarafu 150 za Dar na Hamburg: nilivyozifanikisha

Kila niliyemwonyesha aliuliza swali lile lile: "Hii inanunua nini?" Hainunui kitu. Ni duara la shaba lenye upana wa milimita 44 na unene wa milimita 3, ukiliweka kiganjani unahisi uzito wake mara moja, lakini halina kiasi cha fedha wala jina la benki. Ni sarafu ya kumbukumbu. Mtu hupewa kwa sababu kuna jambo amelifanya pamoja na wewe.

Mimi ni katibu wa kikundi cha waokoaji wa kujitolea upande wa Kigamboni. Wikendi na sikukuu tunashinda ufukweni na maboya, filimbi na kamba. Tuna wenzetu Hamburg, Ujerumani, wanaofanya kazi kama yetu kwenye mto Elbe. Dar es Salaam na Hamburg ni miji dada tangu 2010, nasi tulifahamiana kupitia udugu huo. Wageni wetu walipotujulisha kwamba watakuja tufanye mazoezi pamoja, waliomba tutengeneze sarafu moja ya pande zote mbili. Wao wangechangia nusu ya gharama, kazi ya kuzitengenezesha ikaangukia kwangu.

Sikuwa nimewahi kusikia habari hizi, ikabidi nijifunze. Mila hii imekolezwa na wanajeshi wa Marekani. Wanasimulia kisa cha rubani wao wa Vita Kuu ya Kwanza aliyetoroka mikononi mwa Wajerumani akaangukia kwa Wafaransa, wakamdhania jasusi. Kitambulisho hana, amebaki na kimedali cha shaba cha kikosi chake shingoni. Mfaransa mmoja akaitambua nembo, rubani akapona. Hakuna ushahidi kwamba kilitokea hivyo, lakini kila anayetoa sarafu anakijua. Mpaka leo wana desturi ya kukaguana: mmoja anaigonga yake mezani, wenzake wote watoe zao, na aliyeiacha nyumbani analipia vinywaji. Kutoka kambini desturi ikahamia kwa zimamoto, kwa waokoaji, kwa mabalozi, hadi kwa marais.

Kisa cha marais ndicho kilichonifundisha jambo la kwanza la maana. Mwezi Mei 2018 Ikulu ya Marekani ilitoa sarafu ya mazungumzo ya amani ya Donald Trump na Kim Jong Un, nyuso zao zikitazamana, kabla hawajakutana. Tarehe 24 Mei Trump akatangaza kwamba mkutano umefutwa. Sarafu zipo, mkutano haupo. Baadaye walikutana kweli, Singapore, tarehe 12 Juni, lakini mimi nilishapata funzo langu. Ziara ya wageni wetu ilikuwa imesogezwa mara mbili tayari kwa ajili ya viza na nauli. Nikawaambia wenzangu tusiandike tarehe ya ziara. Tuandike 2010, mwaka ambao tayari upo na hauna wa kuufuta.

Lililobaki ni la kuchora nini, na hapo ndipo tulipokaa miezi.

Mimi nilitaka nembo ya taifa, ile ya bibi na bwana. Mwenzangu mmoja anayefanya kazi serikalini akanizuia: kuna Sheria ya Nembo za Taifa, huibandiki nembo ile kwenye kitu chako bila kibali. Nikawaandikia Hamburg, basi angalau tuweke ngome yao nyeupe yenye minara mitatu. Jibu likaja lile lile: ngome ya jiji lao nayo inalindwa na sheria, ni mali ya serikali ya Hamburg. Nilifurahi sana kusoma barua ile. Siku ile nilijua kwamba sisi si maofisa wa serikali wala hatutajifanya hivyo. Sarafu itabeba vitu vyetu wenyewe.

Kisha wenzetu wakapendekeza Sanamu ya Askari, ile ya pale Posta kwenye Mtaa wa Samora. Walikuwa wameiona kwenye picha, wakaona ni alama ya jiji letu. Nikaenda kumuuliza Nahodha. Ndivyo tunavyomwita mzee wetu wa kikundi, mzaliwa wa Unguja aliyeendesha majahazi maisha yake yote.

"Kabla ya huyo Askari palikuwa na nani?" akaniuliza.

"Sijui, mzee."

"Basi nenda ukajue, mwanangu, kabla hujatia mtu kwenye shaba."

Nilikwenda kujua. Askari wa sasa amesimama pale tangu 1927, kwa ajili ya maaskari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Kabla yake, kuanzia 1909, Dar es Salaam ilikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, miguuni pake akiwa na askari Mwafrika anayemtazama juu kutoka chini. Waingereza walipoichukua nchi waliiondoa. Na ilikwenda wapi? Hamburg. Ikasimamishwa mbele ya chuo kikuu mwaka 1922, ikakaa hapo mpaka wanafunzi wenyewe wa Hamburg walipoiangusha, mwaka 1967 na tena 1968, kwa sababu hawakutaka kupita kila siku chini ya mtu wa ukoloni.

Niliisoma habari hiyo mara tatu. Shaba ilikuwa imeshasafiri kati ya miji yetu hii miwili zamani, na ilikuwa shaba ya namna ile. Nikamwandikia dada tuliyekuwa tukiwasiliana naye kule, nikamweleza yote bila kupunguza. Siku nne hakujibu. Nilianza kuhofia kwamba nimeharibu. Siku ya tano akaandika kwamba amesoma chuo hicho hicho na hakuwahi kuambiwa. Amekwenda kuzungumza na wenzake, na wote wamekubali pasiwe na sanamu wala sura ya mtu yeyote. Akauliza: "Ninyi mkiwa majini, kitu gani hamwezi kukiacha?"

Jibu halikunisumbua. Ni kamba.

Wazo la maneno nililipata Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Kuna vitu vya Kilwa pale, pamoja na sarafu ndogo za shaba za masultani wake, nyembamba, nyingine ndogo kuliko kucha ya dole gumba. Watu wa pwani hii walikuwa wakipiga sarafu zao wenyewe mamia ya miaka kabla Mreno hajaonekana. Na maneno ya Kiarabu yaliyoandikwa juu yake yana vina: upande wa mbele unaanza, upande wa nyuma unaitikia, kama mizani ya shairi. Mtu hawezi kuisoma sarafu ile bila kuigeuza. Nilisimama mbele ya kioo nikasema, na yetu iwe hivi. Upande wa Dar tukaandika SHIKA KAMBA, ndilo neno tunalompigia kelele mtu anayezama. Upande wa Hamburg wakaandika FESTHALTEN, yaani "shikilia", ndilo wao wanalopiga kelele. Kamba yenyewe inazunguka ukingo wa sarafu, inapita ubavuni na kuendelea upande wa pili, haina mwanzo. Katikati kwetu ngalawa, kwao mashua ya uokoaji.

Nikaingia Kariakoo. Kwanza nilimwona sonara mmoja niliyetaka azitengeneze hapa hapa. Aliikagua michoro kwa makini akaniambia ukweli: anaweza kusubu kumi kwa mkono, nzuri, lakini mia na hamsini zinazofanana zinahitaji chuma cha chapa na mashine ya kugandamiza ambayo hana. Akanipeleka kwa kijana anayeagiza beji na vikombe vya mashindano kutoka Guangzhou. Kijana yule akanipa bei mbili, ya zinki na ya shaba. Ya zinki ni nafuu, na husubiwa ikiwa imeyeyushwa. Ya shaba hugandamizwa kati ya vyuma viwili vilivyochongwa, mistari ikatoka mikali. Tulichangishana tukachukua shaba. Kwa rangi, aliniuliza kama nataka ile inayokaa chini ya mistari ya chuma au ile inayosuguliwa mpaka ikawa sawa nayo. Ukiwa na mistari myembamba kama kamba, chagua ya kwanza, kidole kiisikie kamba. Au usiweke rangi kabisa, kama tulivyoishia kufanya sisi.

Picha ya sampuli ilikuja kwenye simu usiku. Ilikuwa nzuri. Nyuma ya ngalawa tulikuwa tumeweka ramani ya Tanzania, ndogo, kama kivuli. Nikaituma kwenye kundi letu, watu wakashangilia kwa vidole gumba. Asubuhi Nahodha akanipigia. Yeye hatumi ujumbe, anapiga.

"Katibu, sisi kazi yetu nini?"

"Kuokoa, mzee."

"Mbona mmetuzamisha?"

Nikaifungua picha nikaikuza. Unguja haipo. Pemba haipo. Mafia haipo. Bara limetoka safi, na baharini hakuna kitu. Nilitoka jasho. Nchi hii ni Muungano tangu tarehe 26 Aprili 1964, nami ningesimama mbele ya wageni wa nje na viongozi wa serikali ya mtaa nikigawa sarafu 150 zenye nusu ya jina la nchi. Hakuna aliyekusudia. Katika ramani ya upana ule, visiwa vinakuwa vitone vidogo mno, na mchonga chapa huvifuta akidhani ni uchafu wa picha. Nilimwomba Nahodha radhi. Akasema radhi tumeipata, sasa virudishe.

Kuvikuza visiwa peke yake kungekuwa uongo wa aina nyingine. Tukaitoa ramani nzima ya nchi tukaweka pwani tu, kuanzia Tanga hadi Kilwa, kwa ukubwa unaotosha Pemba, Unguja na Mafia kuonekana kila kimoja na umbo lake, na Dar ikiwa kitone kati. Chapa ya awali ilikuwa haijachongwa bado, kwa hiyo tulipoteza wiki mbili, fedha hatukupoteza. Kwa atakayefuata njia hii: usiidhinishe sampuli peke yako, na usiidhinishe kwenye kioo cha simu. Ichapishe kwenye karatasi kwa ukubwa halisi, ikate duara, mpe mtu mwenye umri mkubwa kuliko wako na mtu anayetoka mahali ambapo wewe hutoki.

Mzigo ulikuja kwa ndege, karibu kilo sita. Kulipia kwa wakala kulikuwa na usumbufu wa kawaida.

Kulikuwa na jambo moja zaidi ambalo wageni hawakulifikiria. Kwa desturi yao sarafu hufichwa kiganjani na kupitishwa katika kupeana mkono. Mpokeaji hushtukia tu ana kitu. Kwetu, ukimshika mkono kiongozi ukamwachia kitu kiganjani huku watu wanaangalia, kila mtu anajua anachofikiria, na yule kiongozi ataurudisha mkono wake haraka. Tuna namna yetu ya kutoa kwa heshima, na ni ya hadharani. Kwenye taarabu anayetuza hunyanyua mkono juu, ukumbi wote ukaona. Nikawaeleza wageni, wakaelewa mara moja. Tukakubaliana kwamba sarafu itanyanyuliwa kwanza, itageuzwa ionekane pande zote mbili, ndipo iingie kwenye mkono wa mwenzako, na mkono wa pili ushike juu yake.

Tulifanya hivyo ufukweni, jioni, baada ya mazoezi, watu wakiwa bado na maji mwilini. Kila Mjerumani alipewa na Mtanzania, kila Mtanzania alipewa na Mjerumani. Aliyetoa alisema neno la mwenzake: wao walisema "Shika kamba", sisi tulisema lile lao, tukilivuta na kulikosea, wakaturekebisha. Dada wa Hamburg alipofika kwa Nahodha alimwamkia "Shikamoo" kabla hajainua sarafu. Nahodha akaitika "Marahaba", akaipokea, akaivuta karibu na macho, akaanza kuvitafuta visiwa kwa ukucha. Pemba. Unguja. Mafia. Kisha akakifunga kiganja.

Nilidhani ataiweka kabatini. Wiki iliyofuata nikamkuta ameipeleka kwa yule sonara wa Kariakoo, imetobolewa tundu juu ya tanga la ngalawa, naye ameifunga kwenye kamba yetu ya kurushia, pale mwisho wa fundo. Nilimwambia, mzee, maji ya chumvi yataiharibu. Akasema kamba ndipo mahali pake. Sasa imeanza kuwa na ukijani pembeni ya herufi. Nimemletea ndimu na majivu aisugue, hajazigusa.