Miaka 13 ya mpingo, halafu Newala ikanirudisha darasa la kwanza

Basi lilitoka Mbagala bado giza. Mimi nachonga vinyago pale Mwenge, mwaka wa 13 huu, na mitatu ya mwanzo sikushika hata patasi, kazi yangu ilikuwa msasa tu, unasugua mpaka ncha za vidole zinakuwa laini kama za mtoto, nikawa najua fundi ananionea. Siku hizi nagonga gogo la mpingo nasikia kama lina ufa ndani, na ule mti wa ujamaa, watu wamebebana juu mpaka chini, namaliza bila kuchora mstari hata mmoja. Kwa hiyo safari hii nilienda na kichwa kikubwa, tusidanganyane.

Daraja la Mkapa pale Rufiji, Somanga nikanunua samaki wa kukaanga (pilipili ile sio ya mchezo), Lindi, Ndanda, Masasi nikalala. Asubuhi tukapanda mlima kwenda Newala, mikorosho kila upande, baridi, na ukisimama Shimo la Mungu unaona bonde lote la Ruvuma huko chini. Kwetu, na sijawahi kufika!

Mjomba wake mama, namwita babu, anachonga mapiko, zile sura za kuvaa ngomani. Kabla ya yote akaniuliza kama nimepita jando. Nikamwambia ndio babu. Ndo akanichukua porini, maana kazi ile haifanyiwi nyumbani kinamama wakiona.

Nikauliza mpingo uko wapi, akacheka. Lipiko ni la mti mweupe mwepesi, mtu si analivaa kichwani na kucheza nalo, unafikiri shingo ya chuma? Akanipa tezo, nikapiga kama ninavyopiga Mwenge, pigo la tatu tezo ikatokea upande wa pili. Shavu lote tundu.

"Huo mkono wa kuuzia wazungu, mjukuu wangu."

La pili nikapasua tena, la tatu likafika mpaka puani. Miaka yote hiyo nimezoea kushindana na mti, huu haushindani na wewe, unakuachia tu uuharibu mwenyewe.

Nimerudi na magogo mawili ya mti huo uvunguni mwa siti, konda anataka hela ya mzigo, namwambia nyanyua uone, mepesi kuliko begi langu, hasikii.